Lekteri ya CD ya nyumbani: enda sokoni na diski yako yenye mikwaruzo

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira, Bunia ao Kindu, bado kuko kartoni ya CD chini ya kitanda ao juu ya kabati. Ukiifungua, utakuta diski za aina mbili. Kuko zile zilizotoka kiwandani: Tabu Ley, Papa Wemba, Franco na TPOK Jazz kwenye CD za Sonodisc ya Paris. Na kuko zile watu walichoma wenyewe kwenye ordinatere: kwaya ya parokia, ndoa ya dada mukubwa, sauti ya babu akieleza ukoo ulitokea wapi. Muziki ya aina ya kwanza, mara nyingi unaweza kuipata tena kwenye telefone, kama uko na mega. Ile ya pili haiko mahali pengine popote. Diski ikikufa, imeisha.

Njo maana kuko watu ambao bado wanatafuta lekteri ya CD ya kuunga kwenye ampli na bafle za salo, hata kama vijana wanawacheka. Swali lao ni moja: kwa feza ya katikati, si kidogo sana na si ya watajiri, nichukue gani? Kwa bei ile, haununui jina la kampuni wala namba zilizoandikwa mbele ya mashini. Unanunua jicho: jicho linaloweza kusoma diski zako wewe, ambalo fundi anaweza kulibadilisha likichoka, ndani ya mashini inayokubali umeme wetu. Mengine yanakuja nyuma.

Bei ya katikati ni gani?

Kwa mashini mupya, tunasema juu ya zile kama Yamaha CD-S303, Denon DCD-600NE ao Marantz CD6007. Ulaya na Marekani, lekteri za kiwango hicho zinauzwa kwa dola mia kadhaa. Uongeze transporti, uongeze duane. Kama ndugu yako wa Ubelgiji ao wa Canada njo anakutumia, ujue pia kwamba garanti inabakia kule kule. Yamaha na Marantz hizo ziko na tundu la flashi mbele, jambo ambalo kwetu si dogo, sababu watoto wa nyumba hawana CD lakini wako na flashi.

Lakini wengi wetu tutanunua okazyo: Sony, Philips, Technics, Pioneer, Denon, Kenwood za miaka ya 1990 na 2000, zinazofika ndani ya kontena pamoja na friji na baiskeli za wazungu. Hakuna haya hapo. Wakati ule CD njo ilikuwa mufalme, na viwanda viliweka kazi nyingi hata katika mashini za bei ya kawaida. Lekteri ya miaka 25 ambayo ilikaa kwa muzee mumoja anayesikiliza muziki siku ya Yenga tu inaweza kuwa na afya kupita ile ya miaka 8 iliyotumika kwenye baa kila usiku. Shida ni kwamba hauwezi kuona historia hiyo kwa macho. Inaomba kupima.

Namna jicho linafanya kazi

Philips na Sony walikubaliana juu ya kanuni za CD mwaka wa 1980, na mu Oktoba 1982 Sony ikaanza kuuza lekteri yake ya kwanza, CDP-101, kule Japani. Tangu siku hiyo diski ni ile ile: sentimetre 12, muziki imepimwa mara 44 100 kila segonde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16. Maandishi yenyewe ni mashimo madogo sana yaliyopangwa kwenye mustari mumoja unaozunguka kama nyumba ya konokono, kutoka katikati kwenda inje. Ukiunyoosha, mustari huo unafika karibu kilometre 5. Jicho linatuma mwanga wa lazeri chini ya diski na kusoma namna mwanga huo unarudi. Mwanzoni diski inazunguka karibu mara 500 kwa dakika. Jicho likifika kwenye ukingo, inashuka mpaka karibu 200.

Kutokana na hayo, kuko jambo moja la kukumbuka mbele ya muuzaji. Akikuonyesha maandishi kama «24 bit» ao «192 kHz» na kupandisha bei, usitishwe. Diski iko na biti 16, na hakuna mashini inaweza kusoma kitu ambacho hakikuandikwa. Ni kweli, sehemu inayogeuza namba kuwa sauti inaweza kutengenezwa vizuri ao vibaya, na wenye masikio makali wanaweza kuona tofauti ndogo. Lakini kati ya lekteri mbili nzuri za bei ya katikati, tofauti hiyo ni kidogo sana ukiilinganisha na tofauti kati ya bafle mbili. Mutu mwenye dola 300 kwa stereo nzima asiziweke dola 200 kwenye lekteri. Afanye kinyume.

Sokoni: diski tatu katika mufuko

Usiende mikono mitupu. Muuzaji iko na diski yake ya kuonyeshea, na diski hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni safi, ni original, na mashini zote za duka zinaisoma. Mushukuru, kisha utoe zako tatu. Ya kwanza, CD original iliyo safi. Ya pili, CD ndefu, yenye kupita dakika 70. Ya tatu, ile mbaya kuliko zote za nyumbani: iliyochomwa na mutu, yenye mikwaruzo, ile ambayo njo sababu ya kutafuta lekteri.

Weka ya kwanza na uhesabu kimoyomoyo. Tangu mulango unajifunga mpaka hesabu ya nyimbo inaonekana kwenye kioo, mashini yenye afya inachukua segonde chache tu. Kama diski inazunguka, inasimama, inaanza tena, kama mutu anayetafuta miwani yake, jicho limechoka ao ni chafu. Kisha ruka mpaka wimbo wa mwisho, urudi kwa wa kwanza, uruke tena. Fanya hivyo mara tano. Jicho linatembea kwenye reli ndogo. Likigoma ao likitoa kelele, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka, na hiyo si kifo.

Diski ndefu inapima ukingo. Kuko lekteri zinazoimba vizuri nyimbo kumi za kwanza, kisha zinaanza kurukaruka kwa zile za mwisho, sababu muda wote mwenye nayo alipima wimbo wa kwanza tu na kusema «iko sawa». Sikiliza wimbo wa mwisho mpaka uishe.

Diski iliyochomwa njo mutihani wa kweli. Jicho lililochoka, mara nyingi linashindwa nayo kwanza, wakati bado linasoma original bila shida. Hapa kuko mambo mawili ya kutofautisha. Zile diski zilizoandikwa CD-RW, zinazoweza kufutwa na kuandikwa tena, zinarudisha mwanga kidogo sana, na lekteri nyingi za zamani haziwezi kuzisoma hata zikiwa mpya. Hilo si kosa la mashini. Na zile diski za njiani zenye nyimbo mia moja na zaidi, hizo ni MP3. Diski moja ya megabaiti 700 inaweza kubeba karibu saa 12 za MP3 ya 128 kbps, lakini lekteri ambayo haikutengenezwa kwa MP3 itabakia kimya tu. Kama nyumbani muko na diski nyingi za namna hiyo, tafuta maandishi «MP3» mbele ya mashini kabla hata ya kuuliza bei.

Ukiweza, acha mashini iimbe saa nzima. Kuko magonjwa yanayotokea tu kama mashini imepata joto. Wakati huo fungua na kufunga mulango wa diski mara kumi. Ukisitasita, mara nyingi ni ule mukanda mudogo wa mupira ndani umelegea. Kuubadilisha ni kazi ya bei ndogo. Usimuambie muuzaji kwamba ni bei ndogo.

Kuko pia mutego mumoja unaofaidisha munuzi anayejua. Lekteri fulani za zamani ziko na skrubu za safari chini ya tumbo, mara nyingi mbili, za kufunga jicho ili lisipigwe njiani. Ikifika na skrubu hizo zimefungwa, haitasoma kitu, na muuzaji ataiweka pembeni na zile zilizokufa. Igeuze uangalie. Na kama unaisafirisha kutoka Bukavu mpaka Shabunda, ao kutoka Butembo mpaka Isiro, zifunge tena: barabara zetu munazijua.

Zile zinazobeba diski tano kwa mara moja, sisi tungeziacha. Kila kitu kinachojizungusha ni kitu cha ziada cha kuharibika. Hata zile chaini za kipande kimoja, zenye redio, kaseti, CD na ampli pamoja, zina tabia moja mbaya: CD ikikufa, inabidi nyumba nzima ya muziki ipelekwe kwa fundi.

Uulize fundi mbele ya kulipa

Jicho la lazeri linazeeka. Hata lekteri nzuri itaomba lingine siku moja, na hapo njo tofauti kati ya mashini mbili za bei moja inaonekana. Macho mengine yaliwekwa katika mamilioni ya mashini za majina mbalimbali, na mpaka leo viwanda vya China vinatengeneza mufano wake. Sony KSS-213 na Sanyo SF-P101N ni kati ya hizo. Mengine yalitengenezwa kwa mashini chache za bei kali, na leo yanatafutwa kama almasi. Hasa yale ya lekteri za SACD. Kwa hiyo, andika jina na namero ya mashini vile imeandikwa nyuma, umupelekee fundi wa kartie, umuulize iko na jicho gani na kama anaweza kulipata. Dakika kumi za maneno hayo ni za maana kuliko maelezo yote ya dukani.

Kuko ujanja mumoja wa kujua. Ndani ya lekteri nyingi kuko kitufe kidogo cha kugeuza kwa tourne-vis kinachopandisha nguvu ya lazeri. Fundi mwenye haraka anakigeuza, na mashini iliyokuwa imelala inafufuka. Inasoma kila kitu, hata diski yako mbaya. Lakini jicho lililosukumwa namna hiyo linaungua mbio, na baada ya muda mufupi mashini inarudi kulala, mara hii kabisa. Hauwezi kuwa na hakika kwa macho, lakini angalia skrubu za kifuniko: kama zimekwaruzwa na mashini ilifunguliwa hivi karibuni, uliza ilifunguliwa sababu ya nini. Na uombe siku chache za kujaribu, ziandikwe kwenye risiti pamoja na namero ya mashini. Muuzaji anayekataa hata siku tatu anakuambia kitu.

Na kwa mwenye kupenda kufungua mwenyewe: kusafisha jicho ni pamba safi na alkoli ya isopropili, kidogo, kwa mukono mwepesi, kisha kungoja ikauke. Si marashi, si lutuku, si mate. Na kamwe usiangalie lazeri ikiwa inawaka. Mwanga wake karibu hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho lako.

Umeme: soma nyuma ya mashini

Hapa njo feza nyingi zinapotea kwa segonde moja. Umeme wetu ni volti 220, herzi 50. Mashini iliyotengenezwa kwa Wajapani wenyewe inataka volti 100, na ya Wamarekani volti 120. Zote zinafika kwetu katika kontena, na mara nyingi mutu amekwisha kubadilisha fishi, kwa hiyo inaingia katika prizi bila shida na kuungua hapo hapo. Usiangalie fishi. Angalia maandishi nyuma: kama imeandikwa 220-240 V, ni sawa. Nyingine ziko na kigeuzi kidogo cha volti. Hakikisha kimewekwa kwenye 220 ao 240 mbele ya kuunga. Kama imeandikwa 100 ao 120 tu, hesabu bei ya transformatere pamoja na bei ya mashini, ao uiache.

Lekteri ya CD haikuli umeme mwingi, mara nyingi wati 10 mpaka 20 tu, chini ya balbu za zamani. Kwa hiyo pano ya jua na batri ya kawaida zinaiweza, na ampli njo inakula zaidi. Shida iko kwenye konvertiseri: zile za bei ndogo hazitoi umeme laini kama wa rizo, na mashini zenye transformatere zinaweza kutoa mungurumo ndani ya bafle ao kupata joto. Kama nyumba yako inaishi kwa jua, jaribu lekteri pamoja na konvertiseri yako kabla siku za kujaribu hazijaisha. Kwa wale wa rizo, stabilizatere ndogo ni lazima, na kutoa fishi kabisa umeme ukikatika ni bora zaidi: pigo linakuja mara nyingi wakati umeme unarudi.

Mbele ya kutoa hata franga moja, angalia pia chini ya televizio. Lekteri ya DVD iliyo pale inasoma CD, na mara nyingi MP3 pia. Uiunge kwenye ampli kwa kable nyekundu na nyeupe, usikilize wiki moja. Kwa watu wengi hiyo inatosha, na feza ya lekteri inaweza kwenda kwenye bafle. Kasoro zake ni kwamba nyingi zinaomba televizio iwashwe ili uone wimbo gani unaimba, na macho yake hayavumilii miaka mingi ya kazi ya kila siku.

Wakati wa kuunga, weka kable kwenye tundu la ampli lililoandikwa CD, AUX ao LINE. Si PHONO. Hilo ni la gramofone, ambayo inatoa sauti ndogo sana inayoomba kupandishwa. Lekteri ya CD inatoa karibu volti 2, na ukiiweka pale sauti inapasuka na watu wanasema mashini ni mbovu. Jambo lingine: lekteri moja inaweza kutoa sauti yenye nguvu kidogo kuliko nyingine, na sikio la mutu linafikiri kila mara kwamba yenye nguvu njo nzuri. Wauzaji wanalijua. Ukilinganisha mbili dukani, wewe njo ushike kitufe cha ampli, usawazishe kwanza.

Kisha diski zenyewe

Diski chafu, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda inje, moja kwa moja, usizungushe. Lekteri iko na hesabu ya kurekebisha makosa, na mukwaruzo mufupi unaokata mistari inaupita bila wewe kusikia. Ule unaofuata mustari njo unaishinda. Upande wa kuogopa zaidi si ule unaong'aa, ni ule wa juu wenye maandishi: chini ya rangi ile, utando wa metali unaobeba muziki uko karibu kabisa. Ukikwaruzwa pale, ao ukiandikwa na bik ya ncha kali, hakuna fundi wa kuurudisha.

Lekteri ikifika nyumbani, usianze na Franco. Anza na zile zilizochomwa. Rangi inayobeba maandishi yake inaharibika na jua na joto, na nyingi sasa zina miaka 15 ao 20. Jaribu kwanza kuzinakili kwenye ordinatere. Ile ambayo ordinatere inakataa, iweke kwenye lekteri. Ikikubali kuimba, unga lekteri kwenye tundu la kuingiza sauti la ordinatere na uirekodi na programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Acha iimbe mpaka mwisho bila kuigusa. Kisha andika kwenye jina la faili ni nani anayesema, ni wapi, na ni mwaka gani, wakati bado kuko mutu nyumbani anayeitambua sauti hiyo.